Siku nane kwenye majaruba ya Mekong na fomu yangu ya masharti 41

SIKU YA 1

Basi limetoka Ho Chi Minh saa mbili asubuhi, kilomita kama 170 tumezimaliza kwa saa nne hivi, nalala naamka nalala naamka na kila nikifungua macho nje ni maji tu. Mto, mfereji, daraja, mto tena. Naenda Cần Thơ, katikati ya delta ya Mekong, na kazi niliyopewa ukiisikia ni nyepesi: kaangalie wakulima wanaotulimia mchele wanalima kwa njia endelevu au la, jaza fomu, rudi. Kampuni yenyewe siitaji maana bado nahitaji mshahara. Tunanunua mchele kwa meli, tunaupaki kwenye mifuko midogo, na sasa wakubwa wanataka kubandika stika ya "mchele endelevu" mbele ya mfuko.

Fomu imetokana na kiwango cha Sustainable Rice Platform, umoja ulioanzishwa 2011 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa pamoja na IRRI, kile kituo cha utafiti wa mpunga cha Los Baños, Ufilipino. Masharti 41 kwenye makundi 8, kuna maji, mbolea, wadudu, uvunaji, afya na usalama, haki za wafanyakazi na mengine, kila sharti lina alama zake na mwisho unapata alama kati ya 100. Sio fomu mbaya, niseme mapema nisije nikaeleweka vibaya. Nimeisoma yote kwenye basi mpaka kichwa kikauma. Ila kuna kitu kilinikaa: imetengenezwa kumuuliza mkulima. Mi mnunuzi hainiulizi kitu.

Kwa asiyejua, delta hii ndiyo inatoa zaidi ya nusu ya mpunga wote wa Vietnam na karibu asilimia 90 ya mchele wanaouza nje, na mwaka 2024 waliuza nje zaidi ya tani milioni 9. Na hawa ni watu walioanza kuuza nje kwa wingi 1989 tu, baada ya mageuzi ya 1986. Kabla ya hapo walikuwa wanaagiza.

Nimefika, nimeoga, nimelala.

SIKU YA 2

Mkalimani wangu ni dada mmoja aliyesoma kilimo, anaendesha pikipiki kama anadaiwa. Tumeenda Ô Môn, nje kidogo ya Cần Thơ, ambako kipo chuo cha utafiti wa mpunga cha delta, tangu 1977. Hatukuwa na miadi rasmi, tulizungukazunguka mashamba ya majaribio na jamaa mmoja mpole akatupa nusu saa yake.

Alichonieleza nakiandika hapa kwa sababu mi mwenyewe miaka yote niko kwenye mchele na nilikuwa sijakielewa vizuri. Jaruba likijaa maji muda mrefu, udongo wa chini unakosa hewa kabisa. Kule chini kuna vijidudu vinavyoishi bila oksijeni, vinakula mabua yaliyooza na mizizi, vinatoa gesi ya methani, moja ya zile zinazoipasha dunia joto. Sasa gesi hiyo haitoki kwa mapovu tu, nyingi inapanda kupitia mmea wenyewe, maana shina la mpunga lina mirija ya hewa ndani (ndiyo inayousaidia kuishi kwenye maji), kwa hiyo kila shina ni kama kabomba ka moshi. Kilimo cha mpunga duniani kinahesabiwa kuchangia karibu asilimia 10 ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu. Ukikausha jaruba kwa siku chache hewa inaingia, vile vijidudu vinanyamaza. Ukirudisha maji vinaanza upya, lakini vinachelewa.

Nikauliza basi si wakaushe tu wote? Akacheka. Akasema nenda kaongee na mwenye shamba.

SIKU YA 3

Leo ndiyo siku yenyewe. Tumetoka alfajiri kwenda Thoại Sơn, mkoa wa An Giang, tukapita Long Xuyên alafu tukaufuata mfereji wa Thoại Hà. Mfereji umenyooka kama rula, umechimbwa 1818 kwa mikono ya watu. Dada mkalimani anasema mwaka uliofuata wakaanza mwingine mrefu zaidi kule mpakani na Kambodia, Vĩnh Tế, ukaisha 1824 na waliokufa wakiuchimba hawahesabiki, walikuwa ni watu walioswagwa kazini tu. Nikatazama fomu, kipengele cha kazi ya kulazimishwa. Sawa.

Mwenye shamba ni mzee wa miaka sitini na kitu, ana công 18. Công moja ni mita za mraba 1,000, kwa hiyo ana hekta 1.8, na kwa huku sio mdogo. Mkalimani anamwita "chú", nikauliza maana yake, kumbe ni baba mdogo. Huku hakuna "wewe" tupu, kila mtu ni baba mdogo, shangazi, kaka, unampima umri kwanza ndo unajua umwite nani. Nikafurahi, nikaanza kumwita baba mdogo kwa Kiswahili na yeye akaniitikia, sijui alisikia nini.

Wenzake wengi wako kwenye kuvuna msimu wa baridi-masika, yeye alichelewa kumwaga mbegu kwa hiyo mpunga wake una siku kama hamsini, uko kiunoni, kijani kinachoumiza macho. Tukavua viatu tukaingia. Katikati ya jaruba kuna bomba la plastiki limechomekwa, refu kama mkono kuanzia kiwiko, sehemu ya chini limetobolewa matundu. Hiyo ndiyo teknolojia yenyewe jamani. Bomba. Nilitarajia mtambo.

Akachuchumaa, akachomoa kijiti kwenye kofia, akakizamisha ndani ya bomba, akakitoa akanionyesha palipolowa. Juu ya udongo hakuna maji, pamekauka hadi pana nyufa nyembamba, lakini ndani ya bomba maji yapo, sentimita 11 chini. Kanuni ni kwamba yakishuka mpaka sentimita 15 unarudisha maji yafike kama sentimita 5 juu ya udongo, alafu unayaacha yashuke tena. Wiki za mwanzo huruhusiwi, na mpunga ukianza kuchanua huruhusiwi pia, hapo unaacha maji yasimame maana ukiubana maji kwenye ua unavuna makapi. Kwa njia hiyo unaokoa maji mpaka asilimia 30 na methani inapungua sana, mara nyingi karibu nusu. Ndani ya bomba kulikuwa na konokono mmoja wa dhahabu, wale walioletwa Asia kutoka Amerika ya Kusini miaka ya 80 kwa ajili ya kufugwa na sasa wanakula miche kila mahali. Akamtoa kwa kidole akamrusha kwenye tuta bila hata kumtazama.

Nikamuuliza, baba mdogo, ukiokoa maji asilimia 30 unaokoa shilingi ngapi? (Nilisema dong, hela yao, msinicheke.) Mkalimani akatafsiri, mzee akaangalia pembeni akasema kitu kifupi. Sifuri.

Sikuelewa, akaeleza. Pampu sio yake. Pampu ni ya kikundi, inavuta maji kutoka mfereji mkubwa kwa ajili ya majaruba ya wote walio ndani ya tuta moja kubwa, na anailipia kwa công kwa msimu, bei moja, uchukue maji mara nane au mara tano. Kwa hiyo akikausha, anayeokoa dizeli ni mwenye pampu. Na yeye hapo hapo kaongezewa kazi, maana lazima atembelee kijiti kila baada ya siku mbili, na jirani akifungulia maji yake yanapenya kwenye tuta yanaingia kwake. Sasa kwa nini unafanya? Anasema shina linakuwa gumu, halilali kwenye upepo, na konokono na magonjwa yanapungua. Hilo la hewa ya dunia alilitaja mwisho, kwa adabu tu, kwa ajili yangu.

Alafu akaniuliza yeye. Aliambiwa kwenye mkutano kwamba kuna hela ya kaboni inakuja, kwamba hewa ambayo hakuitoa inauzwa. Akaniuliza na uso mkavu kabisa: hiyo hewa yangu mtaipakia kwenye gunia la kilo ngapi?

Sikuwa na jibu. Mkalimani naye alikuwa anacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.

Tulikaa kwake mpaka jua linazama. Ana daftari la shule ambamo anaandika kila kitu, tarehe, mbegu, mbolea, dawa. Zamani alikuwa anamwaga mbegu kilo 18 hadi 20 kwa công, hiyo ni karibu kilo 200 kwa hekta, sasa yuko kwenye 10. Serikali yao, kwenye ule mpango ambao waziri mkuu aliuidhinisha Novemba 2023 wa hekta milioni 1 za mpunga bora unaotoa hewa chafu kidogo ifikapo 2030, inataka washuke chini ya kilo 70 kwa hekta. Mbegu chache zinapata nafasi, hewa inapita katikati, ugonjwa unapungua, dawa inapungua. Haya yote wanayaita "1 lazima, 5 punguza": lazima mbegu iliyothibitishwa, punguza mbegu, dawa, mbolea, maji, na upotevu baada ya kuvuna. Mzee anaijua kwa kichwa kama shairi. Pembeni ya shamba kuna kitenki cha zege cha kutupia pakiti tupu za dawa. Nikafunua mfuniko: kimejaa pomoni. Anayetakiwa kuja kuzichukua ni nani? Mzee akainua mabega.

SIKU YA 4

Jirani anavuna. Kombaini ndogo ya mnyororo inaingia kwenye tope inakula công moja kwa dakika chache, mpunga unaporomoka kwenye magunia makubwa, unavutwa mpaka mfereji, unapakiwa kwenye boti. Haukaushwi hapo. Unauzwa mbichi, unyevu wa asilimia 25 na kitu, siku hiyohiyo, maana mkulima hana mahali pa kukaushia na mpunga mbichi ukirundikwa zaidi ya siku unapata joto unageuka njano.

Hapa ndipo nilipoelewa mchezo. Anayenunua sio kampuni, ni mfanyabiashara mwenye boti, na kati yake na mkulima kuna dalali ambaye wanamwita "cò", jina la ndege mweupe mwenye miguu mirefu, kama yangeyange, anayetembea nyuma ya jembe anaokota. Dalali anapita wiki kadhaa kabla, anaweka amana kidogo, mnakubaliana bei. Ikifika siku ya kuvuna, kama bei ya soko imeshuka boti "linachelewa". Mpunga umeiva, kombaini imeshakodiwa, zamu ikipita hupati tena mpaka wiki ijayo, mvua ya nje ya msimu ikinyesha unalala wote. Kwa hiyo mkulima anapunguza bei mwenyewe. (Bei ikipanda naye anamtafuta dalali mwingine, tusemezane ukweli, nimeambiwa na wote wawili.)

Leo boti lilikuja. Mwenye boti akachukua kiganja cha mpunga, akang'ata punje moja, akatema, akakunja uso. Hiyo ndo mashine yake ya kupimia unyevu. Akakata bei. Mama mwenye shamba, ambaye dada mkalimani anamwita shangazi, hakusema neno, aliendelea kuhesabu magunia kwa kuchora mistari kwenye mkono kwa kalamu.

Nikaona niulize: huu mpunga umelimwa kwa bomba, mbegu kidogo, dawa kidogo, na ule wa ng'ambo ya mfereji umelimwa kizamani. Wanaenda boti tofauti? Hapana, boti moja. Bei moja? Bei moja. Nikaangalia wanavyomwaga, wa huyu juu ya wa yule, boti likazama mpaka maji yakabaki kiganja kimoja kufika ukingo.

SIKU YA 5

Kiwanda cha kukausha na kukoboa, jina naliacha. Kiko ukingoni mwa mto, boti zinapanga foleni. Tanuri za kukaushia zinachomwa maganda ya mpunga wenyewe, hilo nimelipenda: ukikoboa kilo 100 za mpunga unapata kama 65 za mchele mweupe ikiwemo chenga, 20 ni maganda na zilizobaki ni pumba laini za mifugo, kwa hiyo mafuta ya moto yanatoka humohumo. Unyevu unashushwa mpaka asilimia 14.

Wapakiaji. Gunia la kilo 50 begani, ubao mwembamba kutoka boti mpaka nchi kavu, wanakimbia sio kutembea, maana wanalipwa kwa tani. Vumbi la maganda limejaa hewani kiasi kwamba mwanga wa mlangoni unauona umekaa kama pazia. Barakoa za karatasi wamezishusha kidevuni. Niliuliza kwa nini, mmoja akasema ukikimbia na kilo 50 huku umefunga pua utaanguka majini. Meneja alikuwa muungwana, akanionyesha bango la usalama, jipya kabisa. Nikajaza nini sasa? Fomu yangu ni ya shambani, hawa hawamo. Wanaugusa mchele wetu kuliko mtu mwingine yeyote na hawamo.

Jioni nimepita kwenye mabua. Mwanzoni walikuwa wanachoma, anga lote la jioni linakuwa la moshi, na wengine bado wanachoma, nimeona milia myeusi mashambani. Sasa kuna mashine inayofunga mabua kuwa marobota, yanauzwa kwa wafuga ng'ombe na walima uyoga. Hapa angalau kuna hela inayomfikia mkulima, ndogo lakini anaishika, na ndiyo maana naona hili limeshika kasi bila mtu kusukumwa. Kuyafukia kwenye tope lenye maji nako hakufai, unavilisha vile vijidudu vya methani.

SIKU YA 6

Safari ya kurudi Cần Thơ na kufua nguo. Joto. Mkalimani kaenda kwao. Nimeandika ripoti kurasa mbili nikazifuta.

Kitu kimoja tu cha leo. Kwenye kivuko niliongea kwa ishara na simu ya kutafsiri na wamama watatu waliokuwa wanatoka kibaruani. Kazi yao ni kuziba mapengo: mpunga wa kumwaga ukiota kuna sehemu unasongamana na sehemu panabaki upara, wao wanang'oa kule wanachomeka huku, mgongo umeinama kutwa. Sasa zimekuja droni za kumwaga mbegu, zinamwaga sawasawa, mapengo machache. Mbegu inapungua, dunia inapumua, na wao siku za kazi zimekatika. Hawana công hata moja. Mmoja binti yake yuko kiwandani Bình Dương anashona viatu. Kwenye fomu nimekuta maswali ya watoto kufanya kazi, ya mishahara, ya kubaguana, ya wanawake pia, na yote ni ya aliyeko kazini. Aliyetolewa kazini na huo uendelevu wenyewe sijapata pa kumwandika. Nimemwandika pembeni kwa penseli.

SIKU YA 7

Sóc Trăng, ambayo tangu Julai 2025 kiserikali ni sehemu ya Cần Thơ baada ya mikoa kuunganishwa ikabaki 34 nchi nzima, lakini watu wanaendelea kuiita Sóc Trăng kama kawaida. Huku bahari inasikika. Kiangazi mto ukipungua nguvu, maji ya chumvi yanapanda kwenye mifereji kilomita nyingi, mwaka 2016 na 2020 yalipanda vibaya mpunga ukafia mashambani. Mabwawa ya juu ya mto yanazuia maji na tope, mchanga unachotwa mitoni kwa ajili ya ujenzi, ardhi inatitia kwa kuvuta maji ya visima. Yule baba mdogo wa Thoại Sơn anaminywa kutoka upande mwingine: matuta marefu waliyoyajenga kwa kasi baada ya mafuriko ya 2000 yanamruhusu misimu mitatu kwa mwaka, ila yanafungia nje tope la mto lililokuwa mbolea ya bure, sasa analinunua dukani kwa mfuko.

Eneo la Mỹ Xuyên wameacha kupigana na chumvi. Mvua zikija wanasafisha shamba wanalima mpunga mara moja, kiangazi wanaingiza maji ya chumvi wanafuga kamba. Nimefika msimu wa kamba, shamba la mpunga limegeuka bwawa, mabaki ya mashina yanachungulia. Kamba wanakula masalia ya mpunga, mpunga unakula mbolea ya kamba, na ukipiga dawa kali unaua kamba wako mwenyewe. Hapo hapahitaji mkaguzi, kamba ndio mkaguzi. Sóc Trăng hii ndiko ilikozaliwa ST25, mbegu ya mhandisi Hồ Quang Cua na wenzake, iliyotajwa mchele bora wa dunia 2019 kule Manila. Mwaka 2021 makampuni ya Marekani yakakimbilia kusajili hilo jina liwe lao. Mambo ya wajibu kwa jamii hayo, na yalifanywa maofisini huko, sio majarubani.

Mwenye bwawa aliniuliza swali moja tu: ninyi mnanunua kwa mkataba wa miaka mingapi? Nikasema tunanunua kwa meli, meli kwa meli. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye nyavu zake.

SIKU YA 8

Basi la kurudi. Nimejaza fomu zote usiku, ya baba mdogo wa Thoại Sơn imetoka vizuri, 80 na ushee, angepata zaidi kama zile pakiti za dawa zingechukuliwa. Kwenye nafasi ya maoni nimeandika mistari kumi na mbili: tulipe nyongeza kwa tani inayotoka kwenye shamba la bomba, na ifike mkononi kwa mkulima sio kwa mwenye boti, tuwe na boti letu au tuchangie kikausho cha kikundi ili mpunga usichanganywe, tusaini misimu sita badala ya meli moja, na kabla hatujabandika kitu chochote mtu aende akawaangalie wapakiaji. Nimetuma tukiwa kwenye daraja la Mỹ Thuận.

Mkalimani kanitumia picha. Mzee kang'oa bomba kwa muda asubuhi ya leo kulisafisha, kalisimamisha ukutani kando ya viatu, na kijiti chake juu.

Jibu la ofisini limeingia kabla hatujafika mjini. Wameuliza wastani wa alama ni ngapi, watu wa stika wanasubiri.